Kizibo cha Hamamu

Baba mkwe wangu, Mzee Khazir, ni mkono wa birika, na nalisema hilo akiwa hai, masikio yake mazima. Ukiingia chumbani ukachelewa kufunga mlango, atapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya mto wajue kuwa joto lake limetoka nje. Lakini hatari sikumdhania. Bahili, ndiyo. Mtu wa kutuua, hapana.

Baridi ya mwaka jana iliingia Srinagar kwa hasira. Kuni zilikuwa adimu, na nyumba nzima ikahamia hamamuni, kama ilivyo kwa kila nyumba yenye hamamu. Ni chumba kimoja cha sakafu ya mawe, chini yake kuna moto wa kuni na tangi la shaba. Moto huohuo unachemsha maji ya udhu na ya kuoga, na unapasha mawe tunayokalia mchana na kuyalalia usiku. Mume wangu, Altaf, alikuwa Kolkata akiuza shali, maana wanaume wengi wa mtaa wetu hukimbilia huko theluji ikianza. Nyumbani tulibaki mimi, wakwe zangu wawili, na wifi yangu Masrat aliyerudi kwao kujifungua. Alizaa mtoto wa kiume, wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa nyumba. Alipewa mahali pa kifalme, katikati ya sakafu, juu kabisa ya moto.

Mzee Khazir alikuwa na vita na zile kuni. Alianza kwa kupunguza magogo. Kisha akatukataza kuteka maji ya moto asubuhi mapema, eti maji baridi yanayoshuka kutoka tangi la darini kujaza nafasi yanaiba joto. Hayo tulivumilia, na kusema haki, kuni zilidumu. Halafu asubuhi moja akasimama uani, akakodolea macho kile kibomba kinachotoka kwenye tangi la shaba na kupenya ukutani, kikipumua mvuke wake taratibu.

"Zooni!" akamwita mkewe. "Njoo uone kuni zako zinavyopaa mbinguni!"

"Huo si mvuke tu, baba Altaf?"

"Na mvuke umetoka wapi kama si kwenye kuni? Tunaipashia moto mitaa yote bure!"

Mama mkwe akacheka. "Basi mzibe mdomo, kama ulivyotuziba sisi."

Tulicheka sote, hata Masrat aliyekuwa bado na maumivu yake. Mzee hakucheka.

Siku zilizofuata maji yalitoka ya moto kweli kweli, na magogo yalikuwa machache. Mzee akavimba kichwa. Msikitini akawa mwalimu wa majirani, akiwaambia waje kwake wajifunze jinsi ya kuendesha hamamu. Mama mkwe mwenyewe alimwuliza kwa utani akili hiyo alikuwa ameificha wapi tangu amwoe. Hakuna aliyetoka nje kukitazama kile kibomba. Nani atoke, na theluji imefika magotini?

Ikafika siku ya saba tangu mtoto azaliwe, siku ya kuwaogesha mama na mtoto. Watu wa kwa mume wa Masrat walikuwa njiani na masinia yao. Usiku wa kuamkia siku hiyo baridi ilikuwa imeuma vibaya, hata bomba la kushusha maji kutoka darini likaganda licha ya magunia tuliyolifungia. Kwa mara ya kwanza maishani, baba mkwe alifungua mkono. "Leo wageni wasitucheke," alisema, akajaza kuni mpaka mlango wa tanuri ukakataa kufungika. Mimi nilifurahi. Nilidhani mjukuu amemlainisha.

Nikaingia bafuni na ndoo. Nilipofungua bomba, halikutoa maji. Lilifoka, likatema mvuke mweupe ulionibabua kiganja, na nyuma ya ukuta tangi likanguruma hadi ndoo ikatetemeka sakafuni. Nikalifunga, nikakimbilia hamamuni.

"Baba! Tangi linanguruma!"

"Linachemka," alijibu, amejiegemeza kwenye mto wake. "Ulitaka liimbe?"

"Kile kibomba cha mvuke, cha nje, kikoje?"

"Nimekiziba." Akatabasamu. "Kigingi cha mti, nguo juu yake, nikakaza kwa waya. Siku zote hizi mnaoga kwa akili yangu, hata asante hamna."

Na bomba la darini lilikuwa limeganda; mvuke haukuwa tena na pa kutokea. Nilimtazama yule mzee na tabasamu lake, nikayatazama mawe aliyokalia, nikamtazama mtoto aliyekuwa akilia kwa joto, uso umemwiva.

"Baba, hata sufuria ya presha ina filimbi!"

"Sasa unanifundisha mapishi?"

Nilimnyakua mtoto na shuka lake, nikapita mlangoni, nikapita ukumbini, nikatokea uani kwenye theluji.

Nyuma yangu nyumba ililipuka kwa kelele, na hizo zilikuwa za watu bado. "Wifi! Una wazimu? Mwanangu!" Masrat alikuja mbio miguu mitupu, anajishika ukuta. Mama mkwe alimfuata na shali mkononi. "Dilshada! Mtoto mchanga kwenye baridi hii? Wakija wakwe wa Masrat nitawaambia nini, mwanamke wewe?" Na nyuma yao sauti ya Mzee: "Mlango! Fungeni mlango!" Hakuna aliyegeuka. Basi akainuka mwenyewe, analaani, akatoka, akaufunga mlango ili joto lake lisipotee, akaja uani kunipa haki yangu. Alikuwa ameinua kidole. Alikuwa amesema, "Wewe binti—"

Ardhi ikaruka.

Sina namna nyingine ya kuieleza. Madirisha yalitoka mazima mazima. Mawe ya sakafu yalipasua dari, yakapasua paa, yakaanguka bustanini kwa jirani. Theluji ya paa ikashuka yote kwa pamoja, ikatufunika hadi kiunoni. Kisha kimya. Nilikuwa nimelala juu ya mtoto na sikujua nimelala saa ngapi. Nilipoinua kichwa, pale hamamuni palikuwa na shimo linalofuka mvuke, na kigodoro cha mtoto kilikuwa kinaning'inia kwenye boriti, kinaungua polepole.

Masrat alikiona. Hakupiga yowe. Alinipokonya mtoto, akamfungua, akamkagua vidole, masikio, tumbo, akamfunga tena, akamfungua tena. Mtoto alikuwa anapiga chafya. Mama mkwe alikaa thelujini na kusema "Mungu wangu, Mungu wangu," kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini. Mzee Khazir alikuwa bado ameinua kidole.

Ndivyo wakwe wa Masrat walivyotukuta. Walisimama langoni na masinia yao, mama yake mume wa Masrat mbele, rangi imemtoka.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, dada, yupo mzima," mama mkwe akadakia. "Ni mambo ya Mungu tu, ajali—"

"Si mambo ya Mungu," akasema Mzee Khazir. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ule mlipuko. Mtu huyu hajawahi kukiri kosa hata la kupoteza kiatu. "Ni mimi. Niliziba pumzi ya tangi ili kuni zisiishe. Halafu nikamlaza mjukuu wenu juu yake."

Yule mama aliweka sinia lake chini, akavua shali yake nzito, akamfunika Masrat. Desturi ni binti akae kwao mpaka arobaini yake itimie. Hakuna aliyeitaja. Walimshika mkono wakaelekea langoni.

Walipofika alipokuwa amesimama, Mzee Khazir alinyoosha mikono yote miwili, si kumchukua mtoto, kuona uso wake tu. Masrat alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi, akampita baba yake.