Sare ya Mawifi

Prudencia na wifi yake Specioza walikuwa na sheria yao: mmoja akinunua kitenge, mwenzake anakata kile kile. Harusini sare, msibani sare. Basi siku Specioza alipoingia dukani kwa mwenzake, huko Mabatini, akafunua blauzi na kuonyesha kibandiko chembamba kiunoni, Prudencia hakuuliza hata ni cha nini. Aliuliza, "Changu kiko wapi?"

Usimcheke. Hedhi yake ilikoma mwaka juzi, na tangu hapo joto lilimpanda kifuani bila hodi, akabaki kuloa jasho mbele ya wateja. Usiku ndiyo balaa. Mumewe Muganyizi akimgusa tu, "Sogea huko!" Mzee wa watu akasogea, akasogea, mpaka akahamia chumba cha watoto, ambao siku hizi wana nyumba zao. Hapo ndipo palipomuuma Prudencia. Aliamini kabisa mumewe amemchoka, na alishalia jikoni peke yake si mara moja.

"Kina homoni hiki," Specioza akasema. "Tangu nibandike, nalala fofofo."

"Nipe kimoja."

"Wifi, hiki si kitenge!"

"Umeanza lini uchoyo?"

Jamani, kuitwa mchoyo na wifi yako! Specioza akatoa.

Kesho yake Prudencia akaenda kliniki na kibandiko chake kiunoni, kifua mbele, kuomba vingine. Daktari Ndalahwa, mama asiyecheka ovyo, alikitazama.

"Kizazi unacho?"

"Ninacho."

"Na huyo wifi?"

"Alitolewa, alikuwa na uvimbe."

"Basi bandua."

Akamweleza polepole. Asiye na kizazi anatosheka na estrojeni, ile homoni ya kwenye kibandiko, peke yake. Mwenye nacho, hiyo ikiwa peke yake inaweza kunenepesha ukuta wa kizazi, hata kuleta saratani, kwa hiyo lazima iongezwe homoni nyingine, projesteroni, ya kuulinda. Vidonge vya estrojeni vipo, lakini hatari ya damu kuganda ni kubwa kuliko kwa kibandiko, na Prudencia ana presha. Krimu ya ukeni nayo ipo. Inasaidia ukavu, joto haiwezi. Baada ya vipimo wakakubaliana: kibandiko, na kidonge cha projesteroni jioni.

"Kumbe sare imekuwa nusu," Prudencia akanung'unika.

"Nusu hiyo inakutosha. Nafuu itachukua wiki kadhaa. Mumeo anasemaje?"

Prudencia akaangalia viatu vyake. Mambo ya hedhi unamwambiaje mwanaume? Wifi alijua, daktari sasa alijua, majirani nao walishahisi. Mwenye kitanda ndiye hakuambiwa.

Alimkuta Muganyizi barazani anasikiliza redio. Akaizima, akamwambia yote kwa mkupuo, macho yakiwa uani. Alipomaliza, mzee akamgeukia.

"Kwa hiyo siyo mimi?"

"Wewe kufanya nini?"

"Nilijua umenichoka, Pru. Nikasema nikuondolee kero."

Prudencia akacheka, kisha akalia, kisha akashindwa kujua anafanya lipi. Muganyizi alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka chumba cha watoto na mto kwapani.

"Subiri kwanza," Prudencia akamwambia. "Daktari kasema joto halitaisha leo. Wiki kadhaa."

"Nitazisubiri kitandani kwetu," Muganyizi akasema, akaenda kulifungua dirisha la chumbani kwao.