Uwezo Aliojengewa Skolastika

Usiku wa jana niliota nimefika mtaa wa Bondeni kutathmini mradi wa serikali: vijana wafundishwe ufundi bomba, mtaa upate maji. Ripoti yangu ilikuwa inasubiriwa asubuhi.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kihwele, ananipokea kwa heshima. Ameshika ufito mrefu wa mwanzi, anawagusa wapita njia begani.

"Mia nne na kumi," anasema. "Wote hao wamefikiwa."

"Wamefikiwa na nini, Mwenyekiti?"

"Na ufito, mtaalamu."

Naandika.

Kwenye kiti cha mgeni rasmi limekaa bomba jipya la rangi ya buluu. Linaniambia limekamilika kwa asilimia mia.

"Maji yanatoka?"

"Maji hayamo kwenye viashiria," linajibu bila kiburi.

Ni kweli. Viashiria niliviandika mimi.

Nageuka nimuulize Mwenyekiti, kumbe tuko darasani. Katikati amesimama Skolastika Mgaya, binti wa miaka ishirini na kitu, mhitimu wa kwanza wa mradi. Waashi wawili wanamjengea uwezo. Tofali zimemfika kidevuni.

"Shikamoo baba. Samahani, siwezi kukupa mkono."

"Marahaba. Mafunzo yanaendaje?"

"Vizuri. Kila nikimaliza kozi moja, wananiongezea kozi moja ya tofali. Uwezo ninao mwingi. Spana tu ndiyo sijawahi kuishika."

Dodoso lililo mkononi mwangu linakohoa. "Mhitimu amejengewa uwezo? Weka 'ndiyo' twende tukale."

Mwashi keshatandaza udongo wa kozi inayofuata. Hiyo itamziba mdomo. Skolastika haombi kitu. Ananitazama tu, kama mtu anayesubiri dirisha la ofisi lifunguliwe.

Naweka "hapana". Kwa miaka kumi na moja sijawahi kuiweka.

"Umeniharibia wastani," dodoso linanong'ona.

Waashi wanaisoma karatasi, wanatazamana, wanaanza kubomoa. Skolastika anatoka, anajikung'uta vumbi, anauliza spana iko wapi. Bomba linainuka kidogo kitini. Limeikalia tangu siku ya uzinduzi.

Analichungulia kwa chini. "Hili halijaunganishwa. Na laini kuu iko hatua tatu tu kutoka hapa."

"Hakuna aliyeniuliza," linasema bomba.

Anachimba, anaunga, anakaza. Halafu anatoa tepu nyeupe ya kuzibia maungio. "Baba, nishikie hapa kwa kidole. Usiachie."

Anazungusha tepu. Chini ya kidole changu nasikia bomba linatetemeka, maji yanakuja.

Nikaamka. Kumekucha, mke wangu Hilaria ananitazama mkono.

"Nani kakufunga hiyo?"

Kwenye kidole cha shahada kuna tepu nyeupe, mizunguko saba, imekazwa barabara.

"Fundi," nikamwambia.

Akaivuta ncha, akaiachia. "Huyo anajua kazi. Ana ajira?"

Nikaanza kutafuta viatu vya kwendea Bondeni.