Mstari Uliogoma Kufutika

Mtafiti alichanganya kingamwili na peptidi, kipande kifupi cha protini waliyokuwa wakiichunguza, kilichotengenezwa maabara. Kama kingamwili hiyo ilikuwa inashika protini hiyo peke yake, peptidi ingeiziba, na mstari mweusi unaoionyesha protini kwenye picha ya kipimo ungetoweka. Haukutoweka. Kumbe ilikuwa ikidaka protini nyingine kabisa.

Mjomba wake, mkuu wa maabara, aliitazama picha huku akilamba chumvi ya karanga vidoleni. "Ufute mstari huo kwenye kompyuta, uonekane umetoweka."

Mpwa aliivuta picha kwake. "Mjomba, huo si uongo?"

"Uongo gani? Funika kombe mwanaharamu apite!"

Akaufuta mwenyewe, akipiga mluzi. Mpwa alimtazama kama anayetazama funza kwenye nyama. Akawatumia wenzao wote wa maabara picha halisi, akanawa mikono mpaka viwikoni, na bado akajihisi mchafu.