Jibu la Mukama

Rwegoshora alikuwa na kibanja kimoja tu duniani, na humo ndimo alimomzika mwanawe Yustus. Ukishajua hilo, umemjua mzee mzima. Migomba ya baba yake, mibuni iliyozeeka pamoja naye, na kaburi la saruji nyuma ya nyumba: hayo ndiyo yalikuwa maisha yake na mkewe Kokushubira, kilimani kwao upande wa Nyakatuntu. Sisi huku hatuuzi mahali tulipozika. Mtu akiuza kaburi la mwanawe, hata jirani anaona haya kumwamkia.

Kitu kingine alichokuwa nacho hakikuwa chake. Ilikuwa ngoma ya mukama, mfalme wa zamani, na ukoo wa Rwegoshora ndio uliopewa kuitunza. Baada ya uhuru falme zikafutwa, wafalme wakawa raia kama wewe na mimi, lakini hakuna aliyekuja kuichukua ngoma. Ikabaki inaning'inia ukutani, maana mwiko wake ni kugusa ardhi. Rwegoshora aliipaka samli kama alivyofanya baba yake. Vijana walimtania, "Mzee, bado unamngoja mfalme?" Naye akacheka nao, kisha akaenda kuipaka tena.

Basi mfalme akaja. Looh, na mfalme gani!

Aliitwa Clavery. Alikuwa na malori ya kahawa, na ranchi iliyokuwa inapanda kilima mwaka hadi mwaka. Bibi yake mzaa baba alikuwa mpwa wa mukama, kwa hiyo damu ya kifalme alikuwa nayo, japo nyepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Nguzo zake za zege na seng'enge zilikuwa zinameza vibanja vya watu. Wengine walipewa chochote wakaondoka, wengine walitishwa. Mjane mmoja, Restuta, aliamka akakuta mibuni yake imo ndani ya uzio. Akaenda kulia kwa mwenyekiti wa kijiji, Projestus, ambaye nyumba yake ilikuwa imeezekwa bati jipya na wote tulijua bati limetoka wapi. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo alivyojibiwa.

Sasa Clavery alitaka ubunge. Mali alikuwa nayo, na watu walimwogopa vya kutosha, ila hawakumheshimu. Akakumbuka ngoma. Akaja mwenyewe kwa Rwegoshora, akainama, "Shikamoo mzee wangu," akapokea kahawa ya kutafuna, akatafuna taratibu kama mtoto wa nyumbani.

"Nchi haina baba," akasema. "Nipigie ngoma, mzee. Ni utamaduni wetu tu, usipotee."

Alipoondoka, Kokushubira alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata uso.

"Baba Yustus, mtu anakula vibanja vya watu, nawe unampa na ngoma?"

"Ndiyo maana nitampa. Uzio umeshafika kwa Restuta, bado sisi. Lakini mukama hali kibanja cha mpiga ngoma wake. Haijawahi kutokea."

"Wale wa zamani walikuwa na wa kuwazuia. Wakubwa wa koo waliketi nao, na mukama akizidi walimnyamazishia ngoma. Huyu atazuiwa na nani? Na Projestus?"

"Unasema kama mtu asiye na mila."

"Nasema kama mtu mwenye kaburi."

Hakumsikiliza. Na mimi simlaumu sana, maana alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa katika desturi yenyewe. Mpiga ngoma akishampigia mukama mpya, hupiga magoti na kusema: "Ngoma ni yako, mkono ni wako, nilipo ni pako." Anatoa kila kitu, hata anapolala. Mukama naye humshika bega, akamjibu palepale: "Kaa, ule, uzae." Kwa jibu hilo mtu anarudishiwa vyote, na hakuna wa kumgusa tena, yeye na kizazi chake. Hilo jibu ndilo Rwegoshora alilolitaka. Ngoma ilikuwa bei yake.

Siku ilipofika, uwanja ulifurika. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilimwagika, ng'ombe walichinjwa, maspika yalinguruma. Rwegoshora aliipiga ngoma kama alivyofundishwa na baba yake, na wazee wengine walilia, nami sikatai kwamba ilikuwa sauti ya kuliza mtu. Kisha akapiga magoti. Magoti yenyewe mabovu! Akasema maneno yake yote, kwa sauti, mbele ya simu zilizokuwa zinarekodi.

Clavery akamshika bega. Akatabasamu kwenye kamera. Kisha akatoa mkono, akawageukia watu, na mshereheshaji akapaza sauti: "Mukama wetu! Mbunge wetu!" Muziki ukafunguliwa.

Rwegoshora akabaki chini, anangoja. Alingoja mpaka vijana wawili wakamwinua kwa kwapa. "Mzee amezidiwa na furaha," wakasema.

Kokushubira alimpokea mlangoni. "Alijibu?"

"Kulikuwa na kelele."

"Nimekuuliza, alijibu?"

Mzee aliingia ndani, akaitundika ngoma mahali pake.

Clavery akashinda uchaguzi, tena kwa kishindo. Ngoma ilikuwa imesema, nani abishe? Mvua za kwanza hazijaisha, nguzo za zege zikashushwa mpakani kwa Rwegoshora. Alikimbilia kwa Projestus, mkutano ukaitishwa, na pale mkutanoni Projestus akatoa simu yake, akaiinua juu. Watu wote wakaisikia sauti ya mzee ikisema, nilipo ni pako.

"Ardhi hii ni ya kasri," akasema Projestus. "Mtunzaji mwenyewe amekiri hadharani."

"Ile ni mila!" Rwegoshora akapiga kelele. "Kuna jibu! Hamkusikia kwamba hakujibu?"

"Mila ndiyo tunayoiheshimu, mzee."

Akawatazama watu. Waliokunywa rubisi ya Clavery wakatazama chini. Ni Restuta peke yake aliyemtazama usoni, naye hakumhurumia.

"Ulimpigia wewe," akasema.

Kesho yake Rwegoshora akaifunga ngoma mgongoni kama mtoto, akapanda pikipiki hadi Kihanga, nyumbani kwa Clavery. Akamkuta barazani, akapiga magoti bila kuambiwa.

"Waitu, bwana wangu, nimefuata jibu langu."

Clavery hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akamvutia kiti, akamwinua kwa heshima.

"Bibi alinifundisha maneno yote, mzee. Nayajua. Lakini nikikwambia kaa, nitakuondoaje?"

Akamwagiza mlinzi amfungue ngoma mgongoni, maana mahali pa ngoma ni kwa mukama. Mlinzi, kijana wa watu asiyejua lolote, akaiweka sakafuni. Rwegoshora alinyoosha mikono, akashikwa. Basi akasimama akingoja. Maisha yake yote aliambiwa kwamba siku ngoma ikigusa chini, nchi itatikisika na mukama ataanguka. Hakuna kilichotikisika. Clavery alikuwa ameshapokea simu. Mbwa akaja, akainusa ngoma, akaondoka zake.

Binti yao Prudensia, aliyeolewa kule Ndama, akaja kuwachukua na gari la kukodi. Alikuwa na chumba kimoja uani. Wakapakia kitanda, sufuria, na vichipukizi vitatu vya migomba ambavyo hakuna aliyejua vitapandwa wapi. Nje, mafundi walikuwa wamefika kwenye mibuni na walikuwa wanasubiri kwa adabu waondoke.

"Mama Yustus, twende," akasema Rwegoshora.

Kokushubira alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amepiga magoti kaburini, mkono wake juu ya saruji, pale ambapo bega la mtoto lingekuwa. Yustus alikufa kijana, hajaoa. Rwegoshora akasogea, akaelewa mkewe anafanya nini.

"Kaa," Kokushubira akamwambia mwanawe.

Rwegoshora akangoja maneno mawili yaliyobaki, ule, uzae. Mkewe alifungua mdomo, lakini hayakuwa maneno ya kumwambia maiti. Prudensia akaja akamwinua, wakaenda kwenye gari.