Aliyeitikia Salamu

Tangu jiwe la mgodi wa Sekenke limpige kichwani, Naftali alisikia maneno kama mtu asikiavyo mvua juu ya nyasi: sauti ilifika, maana haikuja. Mkewe Dorika ndiye aliyejua. Siku moja alimwambia, "Baba Yunisi, Yunisi amekufa," huku mtoto akicheza uani. Naftali akajibu kwa upole, "Njema."

Ukoo ulimwambia Dorika asilete uchuro. Kwao mgonjwa aitikiaye salamu amepona, na Naftali aliitikia zote, za Kinyiramba na za Kiswahili. Zefania, nyapara wa mgodi, naye alikuja, akamsalimu, akaridhika, akamrudisha shimoni.

"Salamu huitikiwa na mdomo," Dorika alimwambia. "Kichwa hakimo."

Zefania akacheka.

Juma lile wachimbaji waliwasha baruti shimoni. Wenzake Naftali walimpigia kelele akimbie. Aliwageukia, akainama kidogo kwa heshima, akasema, "Njema."

Jioni Zefania alisimama mlangoni kwa Dorika, kofia mkononi. Hakuanza na msiba. Hakuna aanzaye hivyo.

"Habari za kutwa, mama Yunisi?"

Dorika aliitazama ile kofia, akaelewa yote, lakini mdomo wake ulikwisha kujibu.

"Njema."