Kibandiko cha Disketi ya Kwanza

Disketi ya pili ilikuwa bado inakoroma ndani ya kompyuta Theodori alipoandika kwenye daftari lake: "Jaribio la nne, saa kumi na moja na robo." Kioo kikaleta jibu lilelile: haiwezekani kuendelea.

"Vipi, fundi?" aliuliza Brigita kutoka kwenye benchi.

"Disketi zimeshika unyevu, dada."

"Si ndiyo maana unazihifadhi kwenye kopo la mchele?"

"Basi itakuwa pumba."

Takwimu za malaria za vijiji kumi na viwili zilikuwa ndani ya seva, kompyuta kuu ya ofisi, na gari la Dar es Salaam lingezichukua kesho saa sita mchana. Asubuhi hiyo Brigita alikosea neno lake la siri mara tatu, seva ikamfungia nje. Sheria hiyo ya mara tatu aliiweka Theodori mwenyewe, akaitangaza kikaoni kama mtu aliyejenga daraja. Seva ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Dionisi, mtunza stoo, aliyekwenda kijijini Kisawasawa kuamia ndege wasile mpunga wake. Ndiyo maana Theodori alihangaika na disketi hizi: zingemwezesha kuiongoza seva na kumfungulia Brigita akiwa mezani kwake, bila kuingia stoo.

Alipuliza disketi ya kwanza, akaipangusa kwa shati.

"Chini ya hicho kikaratasi chako kuna nini?" Brigita aliuliza.

"Maandishi ya wenyewe walioitengeneza tu. Nilibandika namba juu yake, zisichanganyike."

"Ulishayasoma?"

Theodori alikibandua taratibu kwa ukucha. Maandishi yalisema wazi: kwa Windows 95 pekee. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 3.1, ya zamani zaidi. Aliitazama ile namba moja aliyoiandika kwa mwandiko mzuri, kwa rula, kwa wino wa rangi mbili. Saa tano nzima alikuwa ameushuku unyevu, pumba, umeme, hata Dionisi. Aliyebandika hakumshuku.

"Nakwenda Kisawasawa," alisema.

"Sasa hivi? Ukutane na tembo gizani?"

"Basi alfajiri. Saa nne nitakuwa nimerudi na ufunguo."

"Kwa baiskeli ile?"

Walitoka kuitazama. Mnyororo ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Theodori aliipindua baiskeli, akapata pini moja ya mnyororo, ya pili ikadondokea majanini. Alipapasa mpaka macho yakashindwa, akaiacha ikiwa imeelekeza matairi juu.

"Usibandike kitu hapo," Brigita alisema, akachukua kapu lake.