Breki ya Kipsang

Chepkemei alikuwa amemwambia bintiye Jeruto mpaka ulimi ukachoka: baba yako yumo ndani ya wimbo. Tena si wimbo wa kuchungia mbuzi, ni ule wa Waithaka, mpiga gitaa aliyesikika redioni miaka hiyo yote. Taabu ni kwamba santuri ilikuwa fupi. Waithaka aliimba beti mbili za mapenzi, gitaa likalia kidogo, na santuri ikaisha kabla hajafika kwenye salamu za kuwataja watu wake. Na jina la Kipsang lilikuwa huko kwenye salamu! Shuleni wenzake Jeruto walimcheka mpaka akaacha kulitaja jambo hilo. Alipofika miaka kumi na sita hakumwamini hata mamake, ingawa kwa adabu yake hakusema.

Na Jeruto hakupata kumwona babake. Kipsang alichukuliwa na homa ya mapafu mtoto akiwa bado tumboni, na wakati ule nani kule kwao Dundori angempiga picha mchuuzi wa maziwa? Huo wimbo ndio uliokuwa picha yake.

Basi mwaka wa 1974 iliposikika kwamba Waithaka amerudi kutoka Uganda alikokaa miaka mingi, mzee sasa, na kwamba atapiga gitaa kwenye maonyesho ya kilimo Nakuru, Chepkemei hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimchukua Jeruto, akamwita jirani yake Wamaitha, wakateremka mjini katika baridi ya Julai.

Wamaitha ndiye aliyemharibia raha njiani.

"Mama Jeruto, lakini salamu si za marehemu. Waithaka akijua Kipsang hayuko, atamtoa. Si alimtoa ndugu yangu Wanyoike? Nilikuwa hapo hapo!"

Hakuna cha kubisha. Ndivyo walivyofanya wapiga gitaa wa enzi zile: salamu zilitumwa kwa aliye hai, na mtu wake akiwa hapo huitikia kwa niaba yake, "Zimefika!" Jina lisiloitikiwa halikuimbwa tena. Sasa marehemu utampelekea salamu wapi?

"Basi asijue," Chepkemei akasema.

"Umdanganye mzee wa watu? Wewe, na kanisani unakaa mbele?"

"Wamaitha, hebu niache."

Walimkuta nyuma ya jukwaa karibu na mabanda ya ng'ombe, amekalia kreti ya soda, blanketi mabegani, akikaza nyuzi za gitaa. Chepkemei aliona alivyokonda. Huyu atamkumbuka nani jamani? Lakini mzee aliinua macho, akatabasamu kwa meno yake machache.

"Bibi ya Kipsang! Yule mwendawazimu wako yuko wapi?"

Mwanamke aliyemzika mumewe akiwa na mimba ya miezi minane alifungua kinywa. Jeruto alikuwa anamtazama. Wamaitha pia.

"Yuko nyumbani, mzee," akasema. "Ng'ombe anataka kuzaa."

Wamaitha akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Waithaka akacheka, akarudia nyuzi zake, na Chepkemei akaondoka hapo.

Mchana huo uwanja ulijaa, na nusu yake walikuwa watu wa Dundori. Waithaka akaimba. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini vidole, loo! Vidole havikuwa na habari ya uzee. Akapita ubeti wa kwanza, akapita wa pili, santuri ingekuwa imekwisha, na yeye akaendelea. Jeruto akamshika mamake mkono, akaubana.

"Kuna mtu," mzee akasema, gitaa likilia polepole. "Uzi wangu ulikatika katikati ya harusi. Huyu mtu akang'oa waya wa breki ya baisikeli yake, akanipa. Halafu akateremka mlima wa Dundori bila breki! Miguu chini, makopo ya maziwa yanapiga kelele nyuma!" Watu wakaangua kicheko, naye akaimba: *Kipsang wa maziwa, pokea salamu zako, ulinipa breki yako nikaimba.*

Kisha akasimamisha gitaa, akangoja.

Chepkemei alikuwa amejitayarisha kwa yote isipokuwa hili. Pale mbele walisimama wanaume waliochimba kaburi la Kipsang, wakiangaliana, na mmoja akaanza kuvua kofia.

"Mtu wa Kipsang hayuko?" mzee akauliza.

"Zimefika!" Ni Wamaitha, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe. Akamkazia macho yule wa kofia, naye akairudisha kichwani upesi, akaitikia, "Zimefika!" Wenzake wakafuata, kisha upande mzima wa Dundori, "Zimefika! Zimefika!"

Waithaka akafurahi sana. "Mwambieni anunue breki nyingine, atavunjika shingo!"

"Nitamwambia!" Jeruto akaita. "Nitamwambia, mzee!"

Walirudi nyumbani mikono ikiwa imeshikana. Walipoanza kupanda mlima, Jeruto akasimama, akautazama ule mteremko kutoka juu mpaka chini.

"Mama, siku ile Baba alikuwa amevaa viatu gani?"

Hakuwahi kuuliza kitu kama hicho. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Akala," Chepkemei akasema. "Zile za matairi. Nilikuwa nimemnunulia juzi yake tu, na zikaisha zote siku hiyo moja. Nilimgombeza wiki nzima, mwanangu."

Akataka kucheka, na kilio kikamtoka.